Ina Njaa

Kaka wa mke wangu anaitwa Sikio. Jina alilopewa na wazazi limo kwenye kitambulisho tu. Hata mama yake, alipokuwa hai, akimtaka mbele za watu alisema, "Niitieni Sikio." Jina hilo alilipata gerejini. Mafundi wengine wakitaka kujua injini ina ugonjwa gani huifungua kwanza. Yeye aliisikiliza kwanza. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono mmoja. Ncha moja aliiweka kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine sikioni, akafumba macho, bisibisi mkononi. Alizungusha skrubu robo, akasikiliza. Akarudisha kidogo, akasikiliza tena. Ukimsemesha wakati huo hajibu, na ukimgusa anakutukana taratibu bila kufumbua macho.

Kwake yeye injini ilikuwa na hali tatu. Petroli ikizidi hewa, ikatoa moshi mweusi na kukohoa, alisema imevimbiwa. Vikilingana, imeshiba. Hewa ikizidi petroli, injini inakuwa kavu, inapanda joto, na ukiikamua hivyo hivyo inajiunguza kwa ndani. Hiyo alisema ina njaa. Gereji nzima tulizungumza hivyo. Mama muuza uji wa ng'ambo ya barabara alishazoea kusikia mtu akipaza sauti, "Hii bado ina njaa!" naye anajibu, "Ileteni huku, uji upo!"

Mimi ni mpaka rangi. Sikio ndiye aliyeniingiza pale, mwaka niliomuoa dada yake. Kazi ya rangi ilinifaa. Unavaa kinyago, unashusha pazia la plastiki, hakuna anayekusemesha mpaka jioni. Aliijua hali yangu mapema. "Shemeji yangu huyu," aliwaambia wenzetu, "ukitaka aongee, mpe barua ya wito." Akiona mteja ananijia na maswali, aliacha spana akaja kunijibia. Mke wangu alikuwa akisema, "Kaka yangu amekuoa wewe, si mimi."

Mwenye gereji tulimwita Tajiri. Siku moja alileta gari juu ya lori, alilolitoa kwenye banda la kuku la marehemu mjomba wake. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la viti viwili, halina paa, limeundwa kabla mimi sijazaliwa. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Panya walikuwa wamekula nyaya zote, na ndani ya kabureta moja kulikuwa na nyigu. Tajiri alilizunguka, akasema, "Mzee, hili litakimbia tena?"

Sikio aligonga injini kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji. "Litakimbia. Lakini usiniulize lini."

Ilichukua miaka sita. Kulikuwa na kazi nyingine za kila siku, na gari lile lilifanyiwa kazi saa za ziada. Vipuri ambavyo havipatikani popote alivichonga mwenyewe. Mimi nilipaka rangi mara saba, kila mara nikisugua kwa msasa wa maji, nyekundu iliyokolea. Ukiinama mlangoni ulijiona mpaka meno. Mwaka wa sita Tajiri alikuja na habari kwamba kutakuwa na mbio za magari ya zamani, Jumamosi na Jumapili, kwenye njia ya mbio iliyokuwa imefungwa miaka thelathini. Wenye magari ya kale wote watakuwepo. Gari letu litakimbia, na yeye mwenyewe atashika usukani.

Kwa Sikio jambo hilo halikuwa sherehe tu. Magari ya siku hizi hayana kabureta. Yanachomekewa kompyuta, yanajisema yenyewe yanaumwa wapi. Wateja wake walikuwa wamepungua mpaka siku nyingine alikaa kwenye pipa la mafuta akisafisha plagi ambazo zilikwisha kuwa safi. Waliobaki wakihitaji sikio lake ni hao wenye magari ya kale, na hao walikuwa hawamjui. "Likimaliza ile mizunguko ishirini ya Jumapili mbele yao," aliniambia, "nitakuwa na kazi mpaka nife. Lisipomaliza, nitafute shughuli nyingine." Halafu akaongeza, kama mtu anayeona haya, "Na mimi mwenyewe sijalisikia."

"Si unalisikia kila siku?"

"Hapa nalisikia likiwa limekaa. Nataka kulisikia linakimbia, limekanyagwa mafuta mpaka chini. Miaka sita, shemeji, sijui sauti yake."

Kila gari liliruhusiwa beji tano za kuingia kwenye vibanda vya mafundi. Moja ya Tajiri. Moja ya mpwa wake, mtoto wa dada yake, tuliyemwita Injinia kwa sababu alikuwa amesomea, mtu wa miaka thelathini hivi, msafi, mwenye adabu. Mbili za wale wa kubadili matairi. Ya tano kila mtu gerejini alijua ni ya nani. Ijumaa Tajiri alinipa mimi.

"Kuna kombe la gari lililotunzwa vizuri kuliko yote," alisema. "Kokoto zitarukia rangi. Nataka mtu wa kuziba alama kabla waamuzi hawajapita." Akamgeukia Sikio, akampa tiketi ya jukwaani. "Wewe mzee umeshamaliza kazi yako. Kaa kivulini, kula raha."

Sikio aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Kisha akaenda bombani, akanawa mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Nilimfuata, nikamwambia achukue beji yangu.

"Ina picha yako."

"Hawatazami."

"Wewe mtu akikuuliza jina tu unatokwa jasho. Watakukamata jukwaani unatetemeka, waseme umeiba." Alicheka, nami nikacheka. "Acha. Jukwaani nitasikia vizuri zaidi. Huko kwenye vibanda kila mtu ataziba masikio."

Jumamosi sitaisahau, na nimejaribu. Tulifika umande haujakauka kwenye majani. Magari ya zamani yalikuwa yamepangwa kwa safu, mengine marefu kama mitumbwi, mengine madogo ya duara, taa zao zimetoka nje kama macho ya chura. Harufu ilikuwa ya mafuta yaliyoungua, mpira wa moto na nyasi zilizokatwa jana yake. Watu walijaa. Wazee walivaa kofia za ujana wao, na mmoja alivaa miwani ya kuendeshea pikipiki ingawa alikuja kwa miguu. Injini ya kwanza ilipowashwa niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Zikafuata kumi na saba nyingine. Ukuta wa kibanda ulitetemeka, na mkebe wangu wa rangi ukatembea peke yake juu ya meza.

Nilipomaliza kufuta gari nikapanda jukwaani. Sikio alikuwa amekaa safu ya tatu, amefumba macho. Pembeni yake alikaa bwana mmoja mnene mwenye kofia ya majani na darubini shingoni, anamtazama kama anatazama mazingaombwe.

"Hili je?" bwana yule aliuliza.

"Silinda sita," Sikio alisema bila kufumbua. "Plagi moja imechoka. Ya tano au ya sita."

"Na hili linalokuja?"

"Silinda nne, kabureta mbili. Lakini sailensa yake haimalizi siku, imeshaachia."

Bwana akainua darubini. Mzunguko uliofuata gari lile lilipita likiburuta sailensa, linatoa cheche, na jukwaa zima likapiga yowe. Bwana yule alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kumbe naye alikuwa na magari mawili ya kale nyumbani, yote yamelala kwa kukosa fundi. Aliandika namba ya simu ya Sikio nyuma ya tiketi yake.

"Lako ni lipi, mzee?"

"Jekundu. Bado halijaingia."

Likaingia. Liliingia kwenye mnyoosho, ile sehemu ya njia isiyo na kona, kutoka mbali, dogo kama mbegu, na mwanzoni halikuwa na sauti kwa sababu upepo ulikuwa unatoka kwetu. Halafu sauti ikafika yote kwa mara moja. Sina maneno yake. Ilikuwa nzito chini na juu yake kuna kitu kingine chembamba, safi, kama kitambaa kipya kinapochanwa. Sikio alisimama. Safari hii hakufumba macho. Alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma, gari likapita mbele yetu na rangi yangu inawaka jua, na upepo wake ukatupiga usoni.

"Imeshiba," alisema. "Shemeji, imeshiba."

Alikuwa analia, mtu mzima wa miaka sitini na moja, na wala hakujifuta. Mimi niliyeogopa watu maisha yangu yote nilijikuta nimesimama juu ya kiti, napiga kelele pamoja na watu nisiowajua. Gari letu lilimaliza la nne kati ya kumi na nane. Bwana mwenye kofia alimpa Sikio mkono. "Likimaliza na kesho," alisema, "Jumatatu nakuletea yangu yote mawili."

Jioni ile jua bado lipo, nilikuwa naziba alama za kokoto mlangoni. Injinia alikuja na kijisanduku bapa, kina vishaba vidogo vyenye matundu, vile vinavyopima petroli inayoingia. Akafungua kabureta.

"Kwenye kona imetoa moshi kidogo," alisema, kwa sababu nilikuwepo na hakuna mwingine wa kumwambia. "Inakula mafuta bure. Nikiibana kidogo tu, kesho itapata kasi."

Hakujificha. Kwa nini ajifiche, mimi ni mtu wa rangi. Nilidhani Tajiri anajua, na nilidhani mtu aliyesoma anajua. Njiani kurudi Sikio alikuwa akiimba kwa pua, sikutaka kumkatiza. Nilijipa sababu hizo zote tatu.

Jumapili asubuhi magari yaliruhusiwa mizunguko miwili ya kupasha moto. Nilikuwa nimempelekea Sikio maji. Gari letu lilipita mara moja, akasimamisha chupa mdomoni. Likapita mara ya pili, akaishusha.

"Wameigusa," alisema.

"Nani?"

"Sijui nani. Wamegusa kabureta. Sikiliza mwisho wa mnyoosho, akiachia mafuta inapiga chafya. Ina njaa. Ina njaa mbaya." Alitoa simu akampigia Tajiri. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Tulishuka sote mpaka kwenye geti la vibanda, mlinzi akatazama shingo yake haina beji, akanyoosha mkono kama boriti. Sikio hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

"Kimbia. Mwambie Tajiri ina njaa. Mwambie asiikamue, airudishe ndani, waifungue. Ukishindwa maneno mengi, sema ina njaa tu. Amekaa na sisi gerejini miaka ishirini, ataelewa."

Nilikimbia. Zilibaki kama dakika kumi, na injini zote zilikuwa zinaunguruma. Tajiri alikuwa ameegemea gari, amevaa kitambaa cha kichwani kinachokaa chini ya kofia ya chuma, anafunga glavu. Masikioni aliweka vizibo vya sponji. Nilisimama nyuma yake. Nilisema, "Tajiri." Hakusikia. Sikumgusa, nikasimama tu. Injinia ndiye aliyeniona.

"Mjomba! Mpaka rangi ana shida!"

Tajiri akageuka, akachomoa kizibo kimoja. Wote wakanitazama, yeye, mpwa wake, wale wawili wa matairi wamechuchumaa, na dada mmoja mwenye kamera ambaye alikuwa akipiga picha magari na sasa ameielekeza kwangu.

"Sikio anasema," nilisema, "ina njaa."

Sauti yangu ni ndogo hata chumbani. "Nani?" Tajiri aliinama kunielekea.

"Sikio."

"Anasemaje?"

"Ina njaa."

Uso wake ukafunguka akacheka. "Ana njaa? Saa tatu hii? Mzee huyu! Hebu mpeni boksi moja la chakula ampelekee."

"Raha za jukwaani zinachosha, mwacheni ale!" alisema mmoja wa matairi, wakacheka wote, na boksi likawekwa mikononi mwangu.

Nimeifikiria sana herufi ile moja. Laiti tungezoea gerejini kusema gari lina njaa, isingewezekana kusikia vingine. Lakini sisi tulisema ina, injini ina, na kwenye kelele ile ina na ana ni kitu kimoja. Nilifungua mdomo. Naapa nilisema, "Hapana, injini." Lakini kizibo kilikwisha kurudi, kofia ya chuma inashushwa, Tajiri anaingiza mguu ndani ya gari.

Injinia alibaki amesimama mbele yangu. Yeye hakuwa na kofia, na vizibo vyake vilikuwa vinaning'inia shingoni. Alinitazama kidogo zaidi ya wenzake, kama mtu anayesubiri neno. Ningemwambia yeye. Hatua moja tu. Lakini kumwambia yeye ina njaa ni kumwambia umekosea, mbele ya watu, mbele ya kamera, mimi wa darasa la saba. Nilisema, "Asante."

Sikio alikuwa ananisubiri kwenye ngazi za jukwaa. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amesikia."

Akatazama boksi. "Hii nini?"

"Wamekupa."

Alilichukua akaliweka chini ya kiti bila kulifungua. Bendera ikashuka, wakaondoka.

Ubaya wa injini yenye njaa ni kwamba mwanzoni inakimbia vizuri. Injinia hakudanganya, kasi ilipatikana. Mzunguko wa tatu gari letu lilikuwa la tatu, wa sita likawa la pili. Jukwaa lilikuwa limesimama. Bwana mwenye kofia alimpiga Sikio mgongoni, "Mzee! Mzee! Unalisikia?"

"Nalisikia," alisema Sikio. Alikuwa amekaa. Kila likipita alinivuta shati. "Mbona anaikamua? Ulimwambia asiikamue? Ulimwambiaje hasa?" Kelele zilinisitiri. Kulikuwa bado na nafasi ya kusema kweli, angeweza kumsukuma yule mlinzi, angeweza kuruka uzio, sijui. Nilitazama mbele.

Mzunguko wa kumi na moja, katikati ya mnyoosho, mbele yetu kabisa, kulitokea mlio mdogo. Nilitegemea kishindo, lakini ulikuwa kama mtu amefunga mlango wa kabati. Moshi mweupe ukatoka, mafuta yakarukia ubavu mwekundu, gari likaendelea kuteleza kimya mpaka likasimama kwenye nyasi. Mengine yote yakapita. Kipaza sauti kikasema gari jekundu limekufa injini, watu wampigie makofi dereva. Wakapiga.

Bwana mwenye kofia alikaa kidogo. Kisha akakunja karatasi yake ya ratiba. "Pole, mzee," alisema, na akaenda kutafuta kiti penye kivuli zaidi, ingawa pale tulipokaa palikuwa na kivuli.

Jumatatu Tajiri alikuja gerejini na pistoni ameifunga kwenye gazeti. Aliiweka juu ya benchi. Juu yake palikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba, kingo zake zimeyeyuka kama nta. Tulikusanyika sote. Hakuwa mkali, na afadhali angekuwa mkali.

"Mzee," alisema, "hakuna anayekulaumu. Masikio nayo yanazeeka. Tungetumia vipimo tangu mwanzo. Jana wenzangu wameniuliza nani alinitengenezea kabureta, nikaona haya kusema."

Sikio aliichukua pistoni akaigeuza. "Hii imekufa kwa njaa," alisema. "Kabureta zangu Jumamosi zilikuwa zimeshiba. Nani alizifungua?"

Injinia alikuwa anatazama kucha zake. "Zilikaguliwa kawaida tu," alisema.

"Na Jumapili nilituma neno. Kabla hujaingia kwenye mstari. Shemeji alikuja mbio kukuambia ina njaa."

"Alikuja kuomba chakula!" Tajiri alisema, na mtu mmoja wa matairi akacheka kwa kukumbuka. "Si alisema una njaa, tukakupa boksi? Mwulize mwenyewe." Akanigeukia. "Mpaka rangi. Wewe ulikuja kuniambia nini?"

Nilikuwa nimeshika kipande cha msasa, na maji yake yalikuwa yananidondokea miguuni. Wote walinitazama, na Sikio alinitazama. Halikuwa jicho la hasira. Alitikisa kichwa kidogo kuniruhusu, kama anavyofanya mtu anayemshika mkono mtoto kuvuka barabara. Palikuwa pakimya kabisa pale gerejini, hakuna kompresa, hakuna injini. Hata sauti yangu ingesikika.

"Sikumbuki vizuri, Tajiri," nilisema.

Sikio akairudisha pistoni juu ya gazeti. Akaenda kwenye kabati lake, akatoa spana zilizo zake akaacha za gereji, akazifunga kwenye koti la kazi. Hakumuaga mtu. Tajiri alisema, "Mzee, hakuna aliyekufukuza," na hiyo ilikuwa kweli.

Bwana mwenye kofia hakupiga simu. Wala mwingine hakupiga. Maneno yale, kwamba masikio ya fundi yamezeeka, yalizunguka kwa wenye magari ya kale, ambao hawazidi kumi na wote wanajuana, na yakamaliza kazi kwa wiki moja. Injinia aliagiza pistoni mpya na kurudisha vishaba vya kwanza, vile vya Sikio, bila kusema neno. Gari linakimbia vizuri mpaka leo. Mimi ndiye ninayelifuta.

Sikio alipata kibarua kwenye kiwanda cha kupasulia mbao. Anasimama mwisho wa msumeno, anapokea ubao, anaupanga. Msumeno unalia kutwa. Wenzake wanaziba masikio kwa pamba, yeye hazibi. Mke wangu alikwenda kumsihi azibe, akarudi analia. "Ananiambia, ya kusikia nini," alisema. Mke wangu hajui habari yangu. Anamlaumu Tajiri, na kila akimtukana mimi naitikia.

Mwaka wa pili ulipokwisha sikuweza tena kuvumilia. Nilikwenda kiwandani mchana, wakati wenzake wamekwenda kula. Msumeno ulikuwa bado unazunguka, mtu mmoja upande wa pili anasukuma gogo la mwisho. Sikio alikuwa ameinama, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Alikuwa amezeeka. Nilisimama ubavuni mwake, nikaanza kwa sauti yangu ile ile, kisha nikakumbuka kelele nikainua, nikapayuka, "Shemeji, ile Jumapili..."

"Usipige kelele," alisema bila kugeuka. "Nasikia."

Basi nikamwambia kwa sauti ndogo. Nilimwambia habari za kijisanduku cha Jumamosi, boksi la chakula, asante niliyosema, na uongo wa kwenye ngazi. Nilimwambia yote msumeno ukilia, naye anapanga mbao, na najua alisikia kila neno kwa sababu kwenye neno asante mkono wake ulisimama kidogo.

"Tajiri aliposema chakula," alisema nilipomaliza, "nilielewa palepale. Nikasema moyoni, basi, shemeji sauti imemwangusha, kelele zilikuwa nyingi. Hilo lilikwisha siku ile ile." Akapangusa ubao kwa kiganja. "Nikakutazama. Nikawa nasubiri."

"Najua."

"Ungesema siku ile, leo ungekuwa huna la kuja kuniambia."

Nilitaka kusema nisamehe. Neno lilikuwepo, lilifika kwenye meno. Gogo likapita kwenye msumeno, ubao mwingine mrefu ukaanza kutoka upande wetu, na mimi nilikuwa nimesimama njiani.

"Sogea," alisema Sikio. "Utaumia."

Nikasogea. Akaupokea, akaupanga juu ya zile nyingine, akanyoosha mikono kusubiri mwingine.